Paa Lisilofuka Moshi

Mwezi uliopita nilikwenda kwa fundi seremala pale Rubwera kuchukua mlango. Ulikuwa haujakamilika, fundi akaniomba nisubiri apige randa upande mmoja. Nikakaa juu ya gogo. Chini ya meza yake unga wa mbao ulikuwa umerundikana, mweupe wenye wekundu kwa mbali, na upepo ulipouchota harufu yake ikanifikia puani. Sikusikia tena randa. Fundi aliniita mara mbili, "Mzee, mlango tayari," nami nilikuwa nimeshika konzi ya unga ule, nikiunusa kama mtu anayenusa tumbaku. Kijana wa watu alicheka kwa adabu. Hakuuliza, nami sikumweleza. Naeleza hapa, kwa wenzangu wa rika langu, wanaokumbuka siku ambazo kijiti kimoja cha kiberiti kiliweza kuwagombanisha mke na mume.

Harufu ile ni ya baba yangu. Baba alikuwa mpasua mbao. Kazi ile hufanywa na watu wawili: mmoja husimama juu ya gogo, mwingine chini yake shimoni, na msumeno mrefu hupanda na kushuka kati yao. Wa juu huongoza mstari, wa chini hula vumbi. Baba alikuwa wa chini. Wa juu alikuwa mdogo wake, ambaye kwetu ni baba mdogo, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Jioni baba aliporudi alikuwa mweupe hadi kwenye kope, na mama alimzuia mlangoni.

"Simama hapo hapo, gogo wewe! Jikung'ute kwanza!"

Baba alijikung'uta huku akiyumbayumba kama mti unaotaka kuanguka, na sisi watoto tukakimbia tukipiga kelele asituangukie. Hiyo ndiyo harufu ya furaha yetu. Unga ule ulikuwa ndani ya blanketi, ndani ya masikio yake, hata kwenye maji ya kunywa wakati mwingine.

Kisha baba akaugua, akapungua kidogo kidogo, kama gogo lililokuwa likipasuliwa kila siku. Mama alimfuata baada ya mavuno mawili ya maharage. Sitaeleza zaidi. Wengi wenu mlikuwa na nyumba kama yetu, au mlikuwa jirani nayo.

Tukabaki wanne. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Adventina alinifuata kwa miaka mitatu, halafu Deo wa miaka minane, halafu Koku wa miaka minne, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa na kifua chepesi cha kukohoa. Matanga yalipoisha ukoo ukakaa chini ya upenu wetu, na baba mdogo, aliyekuwa amehamia Kituntu na hajashika msumeno tangu kaka yake afe, akasema walivyopanga. Adventina angekwenda kwa shangazi Evodia, dada yao, kijiji cha pili. Deo angekwenda Kituntu. Koku angepelekwa kwa ndugu za mama, mbali, karibu na mpaka. Mimi ningebaki kulinda kibanja, yaani nyumba na migomba na kahawa yake.

Nilisimama. Mtoto hasimami mbele ya wazee, lakini nilisimama.

"Shikamooni. Naomba wasiende. Nitawalea mimi."

"Marahaba," alisema baba mdogo. "Utawaleaje? Mvulana hawezi kuwa mama."

"Sitakuwa mama. Nitapika tu."

Wanaume walicheka. Mmoja akasema nitafutiwe kanga. Shangazi Evodia hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti iliyotangulia kufika kabla yake, na aliwatazama kaka zake mmoja mmoja.

"Mwacheni ajaribu. Mnaogopa nini? Akishindwa, watoto hawatakuwa wamehamia mwezini."

Baba mdogo aligeuka akaitazama mikahawa. "Mpaka kahawa iive," alisema mwishowe. "Lakini nikisikia kwamba hata siku moja watoto wa kaka yangu wamelala bila kula, sitauliza swali. Nitakuja kuwachukua."

Niliyameza maneno yale nikiwa na uhakika mmoja, uhakika wa mtoto, ambao ni mgumu kuliko wa mtu mzima: kwamba baba mdogo anataka kibanja chetu. Sikuona sababu nyingine ya mtu mwenye shamba lake kujisumbua na watoto wa nduguye.

Jumatatu nilikwenda shuleni kurudisha kitabu cha hesabu tulichokuwa tukikitumia watu watatu. Nilikuwa darasa la sita. Sikurudi tena.

Nilidhani ugumu utakuwa chakula. Haukuwa chakula, migomba ilikuwepo, maharage ya mama yalikuwa bado kwenye kihenge. Ugumu ulikuwa moto. Miti ya karibu yote ilikuwa na wenyewe, na kuni za bure zilikuwa juu ya kilima, mwendo wa kwenda na kurudi hadi jua la utosi. Nikienda kilimani, kahawa haipaliliwi na Koku yuko peke yake. Nisipokwenda, hatupiki. Kuni zenyewe nilizopata zilikuwa mbichi. Maharage yetu makavu yalitaka nusu siku ya moto, na mimi nilikuwa na moto wa nusu ya nusu siku. Tulikula maharage yanayogongana mdomoni kama kokoto. Jiko la mama, kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba chenye mafiga matatu, lilijaa moshi hadi Koku akikohoa alishika mbavu zake kwa mikono miwili. Na moto ukizimika, Adventina alichukua kigae akaenda kuomba kaa kwa jirani yetu, Mama Joasi. Mama Joasi alitoa. Lakini mnajua desturi: nyumba inayoomba moto mara moja ni jirani, inayoomba kila siku ni habari.

Vijana niliokuwa nao darasani walipita njiani na daftari zao, wakiniona nimebeba mzigo wa kuni kichwani kama wanawake.

"Mama Koku! Leo mnakula nini?"

"Mama Koku, mume wako amekwenda wapi?"

Niliwajibu kwamba mume wangu ni mama zao. Sikushinda, lakini nilipumua.

Siku moja nikitoka kilimani nilikata njia kupitia shimo la mwisho alilopasulia baba. Sikuwa nimefika pale tangu afe. Nyasi zilikuwa zimeanza kumeza kingo, lakini unga wa mbao ulikuwa pale pale, kilima kizima cha unga wa mkaratusi, juu umekuwa wa kijivu kwa mvua, ndani bado mwekundu. Nilikaa pale nikachimba kwa mkono. Kwetu unga ule ulikuwa takataka. Watu walisema unachachusha udongo, na ukiutia motoni unafuka moshi unaokula macho. Hakuna aliyeuchukua. Na mimi, nikiwa na mzigo wa kuni mbichi kichwani, nikajiuliza swali la kijinga: mti ukipasuliwa ni kuni, mti huo huo ukisagwa, moto wake unakwenda wapi?

Swali hilo nililipeleka kwa Simeo. Simeo alikuwa fundi bati pale senta ya Isingiro, mtu aliyekuja kutoka Burundi akiwa kijana, akitengeneza vibatari na karai kwa makopo na mabati ya kuokota. Alinisikiliza huku akigonga.

"Lipo jiko la namna hiyo," alisema. "Niliwahi kufanya kazi kwa maseremala, walipikia hilo. Debe. Chini unakata mlango mdogo. Unajaza unga, unaushindilia, katikati unaacha tundu kutoka juu mpaka chini, likutane na mlango. Unawasha chini. Basi."

"Halafu linapika?"

"Linapika mpaka unalisahau."

"Wewe ulilipikia?"

Simeo akaacha kugonga. "Mimi nilikula tu. Usiniulize ya jikoni, niulize ya bati."

Nilimlimia bustani yake ya viazi siku mbili, naye akanikatia debe la mafuta ya kula, akalikunja kingo vizuri lisitukate. Nilirudi nalo nyumbani kichwani nikipiga mluzi. Nilifikiri nimemaliza. Kumbe nilikuwa nimebeba mwalimu mkali kuliko wote niliowaacha shuleni.

Mara ya kwanza nilijaza unga kama nilivyouchota, na unyevu wake. Katikati nilisimamisha chupa, nikashindilia pembeni, nikaivuta chupa, tundu likabaki. Nikawasha. Moto haukuja, ulikuja moshi, mzito, wa njano, ukajaza kibanda cha jiko ukatokea kila unyasi wa paa. Mama Joasi alikuja mbio na ndoo ya maji na wanawe wawili, wakidhani nyumba inaungua. Walitukuta tumelala chini uani tukitapika machozi.

"Mnafukuza nyuki?" aliuliza.

"Tunapika," alisema Deo.

Adventina alifuta macho, akalibeba debe likiwa bado linafuka, akalitupa chini ya upenu wa nyuma, upande wa migomba. "Kitu hiki hakiingii tena kwenye jiko la mama," alisema. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alisema kwa sauti ya mama kabisa. Sikubisha.

Basi nikaanika unga juu ya jamvi la kahawa, nikiugeuza kwa mikono kama kahawa yenyewe, hadi ukawa unanirukia puani. Mara ya pili moto uliwaka kweli, ukapanda tunduni mwekundu, tukashangilia. Kisha kitu kikasema "pu" ndani ya debe, unga ukaporomoka, tundu likazibika, mwisho. Sikuwa nimeushindilia vya kutosha. Mara ya tatu chupa ilivunjika nikiivuta, nikachukua mchi wa kinu badala yake. Na kushindilia nikampa Deo. Deo aliingia ndani ya debe kwa miguu yake, akakanyaga akiuzunguka mchi, huku akijishikiza mabegani mwangu na kuimba vile wanaume wanavyoimba wakikanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu.

"Kamua, kamua, wageni wamefika!"

"Usinywe lakini," nilimwambia.

Unga ukawa mgumu kama ukuta wa udongo, mchi ukatoka ukaacha tundu zuri kama la mnyama wa porini. Nikanyunyiza maji kidogo juu usipukutike. Nikawasha, moto ukakamata, nikaweka sufuria ya maharage juu ya debe, ikakaa sawasawa, ikafunika mdomo wote. Nikafurahi ilivyofunika. Kwa muda ambao mtu angemaliza kumenya ndizi mbili, moto ukafa. Nikawasha tena. Ukafa tena. Siku nne nilirudia kitu hicho hicho kwa ukaidi wa punda. Niliongeza unga, nikapunguza unga, nikalipiga debe teke. Nikaziba hata nyufa kati ya sufuria na debe kwa udongo, kwa sababu niliamini moshi ni moto unaotoroka, na kwamba nikiufungia usipate pa kutokea utabaki ndani upike. Nilikuwa nikiunyonga kwa mikono yangu, huku nikiulaumu.

Siku ya nne jioni hatukuwa tumekula kitu cha moto isipokuwa ndizi za kuchoma. Kuni sikuwa nimekwenda kuchukua. Koku alikuwa amekaa na sahani yake tupu mapajani, ametulia, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio. Nilisikia sauti ya baba mdogo: hata siku moja. Nikainua sufuria ili nimwage kila kitu.

"Usimwage," alisema Adventina. "Irudishe. Sasa inua tena."

"Tunacheza?"

"Kaka, inua tu. Ona. Ukifunika unalala. Ukiinua unaamka. Unapumua huo. Unaufunika pua."

Nilitazama. Kweli, kila sufuria ilipoinuka, wekundu ulipanda kutoka chini kama mtu anayeamshwa. Deo alikimbilia nyuma ya nyumba, akarudi na vipande vitatu vya jembe la zamani lililovunjika. Nikavipanga kwenye mdomo wa debe, sufuria ikakaa juu yake, ikaacha nafasi ya kidole kimoja kuzunguka. Nikakwangua majivu mlangoni. Na moto ule, wenzangu, ukapanda wa bluu. Ulikuwa na sauti, mngurumo mdogo wa chini, kama paka aliyeshiba. Moshi hakuna. Niliinamisha uso juu yake nikitafuta moshi, sikuupata, nikapata joto tu, na chini ya joto harufu ya baba akisimama mlangoni. Adventina alianza kucheka, akashindwa kunyamaza. Maharage yalichemka bila mtu kuyagusa. Tulikula yameiva hadi ganda, na Koku alikula hadi akalala na kijiko mdomoni.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwingine. Asubuhi na mapema tulishindilia, tukawasha, tukaweka sufuria, nikaenda kwenye kahawa na jembe langu. Nikirudi chakula kiko tayari na debe bado linanguruma. Jioni niliziba mlango wake wa chini kwa udongo, na asubuhi nilikuta kaa la kuwashia. Adventina hakwenda tena kwa Mama Joasi na kigae. Kilimani sikupanda tena. Kifua cha Koku kilinyamaza, kwanza mchana, kisha kabisa. Jiko la mama lilibaki tupu, na kuku wetu mmoja, aliyeona mafiga yamepoa na majivu ni laini, akaingia akataga kumi na moja akaanza kuatamia.

Kisha watu wakaanza kuwa wema kwetu. Mama Joasi alimwita Koku kila alipompita akampa ndizi ya kuchoma. Mwanamke mmoja niliyemjua kwa sura tu alituletea mkungu, akauacha mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Katekista alitutaja Jumapili kwenye sala. Hata wale wavulana wa njiani waliacha kuniita Mama Koku. Walinisalimia wakitazama chini. Nami nilipokea yote hayo nikitembea kifua mbele. Nilijua sababu. Habari za jiko letu zimefika, nilijiambia, watu wanatupongeza. Nilikuwa nikipanga hata jinsi ya kuwa mnyenyekevu wakija kuniomba niwafundishe.

Walikuja siku ya ukungu ambao hadi saa tano asubuhi ulikuwa haujaondoka. Baba mdogo alikuwa mbele akisukuma baiskeli, nyuma yake shangazi Evodia, ambaye kwake ndiko alikolala akitoka Kituntu. Kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kulikuwa na magunia mawili matupu yaliyokunjwa. Niliyaona magunia kabla ya kuwaona watu.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

Hawakuitikia. Shangazi, mwanamke yule wa sauti, alikuwa akilia kimya kimya.

"Wiki tatu," alisema baba mdogo. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Wiki tatu juu ya paa hili hakuna moshi. Kijiji kizima kimeona. Mama Joasi kila asubuhi anatoka nje anatazama, paa kavu. Hata kaa hamuombi tena. Mtu anaacha kuomba moto pale asipokuwa na cha kupika. Na wewe unapita njiani unacheka!"

"Baba mdogo, sisi..."

"Nilikuambia sitauliza swali. Adventina! Kunja nguo zako na za wadogo zako. Zitie humu."

Alirusha magunia chini. Adventina alinitazama, hakusogea. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, ndizi za Koku, mkungu mlangoni, sala ya katekista, na aibu ikanipanda hadi masikioni, na juu ya aibu hasira.

"Unataka kibanja!" nilipiga kelele. "Sema tu unataka kibanja!"

Uso wa baba mdogo haukubadilika, ila mkono wake uliokuwa kwenye usukani ulifumbuka, baiskeli ikaanguka.

"Kibanja?" alisema shangazi. "Mpumbavu wewe. Nenda Kituntu ukaone. Amejenga chumba kizima kwa mikono yake, vitanda viwili, amepaka na chokaa. Analala akiwaza mnakula nini. Kibanja!"

Sikuwa na pa kuweka macho. Shangazi alinipita akaenda kwenye kibanda cha jiko, nasi sote nyuma yake, kwa sababu kila mtu alitaka kuonyesha kitu. Akasukuma mlango. Kati ya mafiga matatu ya mama, kuku alituinulia kichwa, akajitutumua manyoya, akatukaripia.

"Yesu wangu!" Shangazi alishika kichwa. "Kuku anaatamia jikoni kwa marehemu! Jikoni! Watoto hawa wanaishi kwa upepo!"

"Shangazi," alisema Koku akimvuta kanga. "Shangazi, sufuria iko huku."

"Mwanangu, sufuria bila moto ni kofia."

"Iko huku lakini."

Shangazi alifuata kwa sababu mkono wa Koku haukumwachia. Kule upenuni nyuma, upande wa migomba, aliona debe na sufuria juu yake, zimetulia kama vyombo vilivyosahauliwa. Hakuna kuni. Hakuna moshi. Akasikitika kwa ulimi, akainua kifuniko ili aone masalia ya juzi.

Mvuke ulimpiga usoni, akaruka nyuma akakanyaga mguu wa kaka yake.

"Yuuu! Inachemka! Kaka, inachemka hii!"

Ndani yake ndizi na maharage vilikuwa vikigeuka taratibu pamoja na majani ya kunde, na harufu ilisambaa upenuni kote. Baba mdogo alisogea. Akachuchumaa. Akapitisha mkono pembeni mwa debe akautoa haraka. Akatazama nyuma ya debe, akatazama chini ya upenu, kama mtu anayetafuta mwizi.

"Kuni ziko wapi?"

"Hakuna kuni, baba."

"Unachoma nini basi?"

Nilichukua konzi ya unga kwenye jamvi nikaiweka kwenye kiganja chake. Aliutazama, akausugua kwa kidole gumba. Halafu akaupeleka puani, mtu yule wa maneno machache, na nikaona anajua ni mti gani na ni shimo gani. Mabega yake mapana yalishuka.

"Huu tuliuacha pale," alisema. "Nilidhani hauna kazi. Miaka yote nilisimama juu nikatazama mbao, yeye alikuwa chini na huu unamwangukia."

"Bado upo mwingi," alisema Deo. "Mimi ndiye nakanyaga."

Adventina alipakua. Tulikula sote pale chini, nao wakala mara ya pili bila kubembelezwa. Shangazi aliyatafuna maharage polepole, kwa uso wa mpishi anayetafuta kosa, akakosa. Baba mdogo alitaka aonyeshwe kila kitu: mlango, tundu, vipande vya jembe. Nilipomweleza juu ya kuufunika moto pua, na kwamba aliyegundua ni Adventina, alimtazama msichana yule kwa muda.

"Baba mdogo," nilisema, "nisamehe neno nililosema."

"Ulikuwa unalinda nyumba. Ukilinda nyumba unabweka." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Nami nilikuja bila kuuliza. Hilo ni kosa langu."

Kisha akasimama, akazunguka mbele ya nyumba hadi njiani, na mtu yule ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti alipaza sauti, kijiji kikasikia kwenye ukungu.

"Mama Joasi! Na wengine mlioko huko! Njooni mwone! Watoto wa kaka yangu wanakula vizuri kuliko mimi!"

Walikuja. Mama Joasi alikuja wa kwanza, ameshika kigae chenye kaa la moto, maana alidhani hatimaye tumekuja kuchukuliwa na alitaka tuondoke na uji tumboni. Aliliangalia debe, akaliangalia kaa lake, akacheka hadi akaketi. "Na mimi nampa mtoto ndizi kila siku! Koku, kwa nini hukusema kwamba umeshiba?"

"Hukuniuliza," alisema Koku.

Wanawake walishika debe, wakaninyang'anya mchi, wakabishana kuhusu ukubwa wa tundu. Shangazi aliwasukuma akisema debe litakalofuata ni lake, na lisiwe dogo kuliko hili.

Katikati ya makelele yale nilimwona baba mdogo akiokota magunia yake mawili pale yalipoangukia. Akayakung'uta. Kwa mazoea, nilidhani amebadili nia. Alimwita Deo, akamwita na mimi, tukaenda naye shimoni. Alipofika akavua shati, akashuka ndani mwenyewe, akaanza kuchota kwa mikono miwili, sisi tukashika midomo ya magunia. Unga ulimpata nywele, kope, mabega. Alipopanda juu alikuwa mweupe, na Deo akasogea hatua moja nyuma, akacheka kwa woga, kwa sababu baba mdogo alifanana mno na baba.

Tuliyafunga magunia kwenye baiskeli, yamejaa hadi shingoni, tukayasukuma watu watatu hadi nyumbani kwetu. Pale baba mdogo akayashusha chini ya upenu, upande usiopata mvua, akamwambia Adventina aziache nguo zake pale pale zilipo. Jua lilipoanza kuinama alipanda baiskeli yake kurudi Kituntu, na nyuma yake kiti kilikuwa kitupu.